Binti alipoomba kulala shambani siku sita

Ombi lilikuja jikoni, Jumapili moja ya Machi 2024, mama akimenya viazi.

"Mama, nataka kwenda Glastonbury. Siendi kustarehe, nakwenda kujitolea. Nitalala kwenye hema siku sita."

Mama huyo ni mzaliwa wa Tanga, anaishi Bristol, kusini-magharibi mwa Uingereza, na ameomba jina lake lisiandikwe. Hakuinua uso. "Kazi gani hiyo isiyo na mshahara, tena ya kulala shambani na watu laki mbili?"

Binti, mwenye miaka 19, hakujibu. Hawakuwa watu wa maneno mengi siku hizo. Tangu Januari, alipoacha chuo akiwa mwaka wa kwanza bila kueleza sababu, mazungumzo ya nyumba ile yalikuwa ya chumvi imekwisha na funguo ziko wapi. Hata hilo la tamasha lilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwezi mzima.

Mama alimpigia simu wifi yake aliyeko Tanga, akitegemea kuungwa mkono. Wifi akacheka.

"Wifi, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kajipa jembe mwenyewe siku ya kwanza. Unamkataza nini?"

Mama alikaa wiki nzima akiuliza huku na huko. Aliyoyapata yanafaa kusomwa na mzazi yeyote ambaye mwanawe ameanza kuomba ruhusa za namna hii.

Shamba la ng'ombe linalogeuka mji

Tamasha la Glastonbury halifanyiki katika mji wa Glastonbury. Hufanyika kilomita kama 10 kutoka hapo, katika kijiji cha Pilton, mkoa wa Somerset, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa liitwalo Worthy Farm. Kutoka Bristol ni safari fupi ya gari, siku ambayo barabara haina foleni.

Mwenye shamba, Michael Eavis, alilipokea mwaka 1954 baba yake alipofariki. Alikuwa na miaka 19, umri uleule wa binti huyu, na ilimbidi aache kazi ya melini arudi kukamua ng'ombe. Tarehe 19 Septemba 1970, siku moja baada ya mpiga gitaa Jimi Hendrix kufariki mjini London, alifanya tamasha la kwanza. Kiingilio kilikuwa pauni moja, na kila aliyeingia alipewa maziwa ya bure ya shambani hapo. Walikuja watu wapatao 1,500.

Leo wanaokuja ni zaidi ya 200,000. Kwa siku chache za mwisho wa Juni, malisho yale hubeba watu wanaotosha kujaza mji mzima, wakiwa na barabara zao, maduka, zahanati, maji ya bomba na vyoo kwa maelfu. Binti wa Eavis, Emily, ndiye anayeliongoza siku hizi pamoja na baba yake. Kila baada ya miaka kadhaa, kama ilivyokuwa 2018, tamasha husimama mwaka mzima ili ardhi ipumue na ng'ombe wale majani yao kwa amani.

Mzazi anayeujua muziki wa Uingereza kwa redio tu huenda akadhani ni jukwaa moja na watu wanaorukaruka. Jukwaa kubwa, lile la umbo la piramidi, lipo kweli. Lakini kuna pia sarakasi, maigizo, mafundi seremala na wahunzi wanaofundisha kazi za mikono, na uwanja mzima wa watoto. Wenye umri wa miaka 12 kushuka chini huingia bure wakiwa na mkubwa wao, na wapo wazazi wanaosukuma vigari vya watoto wachanga mchana kutwa.

Eneo hilo lina historia inayomgusa pia mtu wa Afrika Mashariki. Mji jirani wa Shepton Mallet, kilomita chache kutoka Pilton, ndiko tamasha la WOMAD lilikoanzia mwaka 1982, na miongoni mwa waliopanda jukwaani walikuwa wapiga ngoma wa Burundi. Kwa hiyo ngoma zetu zilisikika kwenye vilima vile kabla vijana wengi wa leo hawajazaliwa.

Jembe lenyewe ni lipi?

Wanaojitolea huja kupitia mashirika mbalimbali. Binti aliomba kupitia Oxfam, ambayo imekuwa ikipeleka wahudumu Glastonbury tangu mwaka 1993. Utaratibu wake ulimshangaza mama kwa ukali wake.

Anayeomba lazima awe ametimiza miaka 18. Hulipa dhamana inayokaribia bei ya tiketi, ambayo mwaka 2024 ilikuwa pauni 355 kabla ya ada ya kuihifadhi. Akimaliza kazi yake anarudishiwa. Akikimbia zamu kwenda kumwona mwanamuziki, dhamana inakwenda. Kabla ya kwenda, anasoma mafunzo ya usalama na kuyapitisha.

Kazi yenyewe ni zamu tatu, kila moja ya muda wa saa nane hivi, na mara nyingi moja wapo ni ya usiku. Wengine huwekwa getini kukagua tiketi na bangili za kitambaa, wengine kwenye njia za kupita watu, wengine kwenye maeneo ya mahema. Si askari wala walinzi wa kushika watu. Kazi yao ni kuelekeza, kuangalia na kutoa taarifa kwa redio ya mkononi pale mambo yanapoanza kuharibika.

Malipo ni kuingia bure, vocha za chakula, na nafasi ya kupiga hema kwenye uwanja wa wahudumu wenyewe, uliotengwa na umati, wenye bafu za maji ya moto na mahali pa kuchaji simu. Kwa mama, jambo hili moja lilipunguza nusu ya hofu. Binti asingelala katikati ya walevi, ila katikati ya watu waliochoka.

Kingine kilichomtuliza ni mahali fedha zinapokwenda. Tamasha huilipa Oxfam kwa kazi ya wahudumu hao, na fedha hizo huingia katika shughuli za shirika. Mama aliwahi kuona magari ya Oxfam nyumbani, kwa hiyo jina hilo halikuwa geni kwake.

Mwenye zamu ya choo

Rafiki wa binti aliomba kwingine, WaterAid, na akapangiwa kazi ambayo wengi huikimbia: vyoo.

Vyoo vingi vya Glastonbury ni vibanda vilivyo wazi juu, vilivyopangwa kwa safu juu ya tangi refu lililofukiwa. Havina maji ya kuvuta. Wakati wa joto, harufu humfikia mtu kabla hajaviona. Watu wa WaterAid huvifagia, huvipangusa, huweka karatasi na kuwasihi watu wasijisaidie kwenye vichaka. Wengine hugawa maji ya kunywa kwenye vibanda vyao, maana tangu 2019 tamasha halikubali kuuza vinywaji katika chupa za plastiki za kutupa, na kila mtu hutembea na chupa yake ya kujaza.

WaterAid ilianzishwa mwaka 1981 na imefanya kazi ya maji na vyoo Tanzania kwa miongo mingi. Mama, ambaye utotoni alibeba ndoo kichwani kabla ya kwenda shule, alisikiliza habari hii kimya. Kisha akasema, "Basi mwenzako anasafisha choo huku, mtoto mwingine anapata bomba kule. Hiyo si kazi ya aibu."

Lakini hakuacha kuuliza aliyokuwa akiyaogopa. Je, pombe ipo? Ipo, inauzwa wazi. Dawa za kulevya? Zinakatazwa, na bado zinaingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor waliochukua sampuli mwaka 2019 walikuta mabaki ya dawa hizo katika mto Whitelake unaopita pale, yakiaminika kuletwa na watu wanaokojoa ovyo ardhini. Mzazi anayeambiwa kwamba tamasha la namna hii ni safi kama darasa la dini anadanganywa. Tofauti ni kwamba mhudumu aliye zamuni hatakiwi kuwa amelewa, na ratiba yake haimwachii usiku mwingi wa kuzurura.

Mama alitoa ruhusa mwezi Aprili. Alinunua gambuti.

Usiku wa baridi, mchana wa vumbi

Gambuti ndiyo alama ya Glastonbury. Miaka kama 1997, 2005 na 2016 mvua iligeuza shamba lile kuwa uji, na mwaka 2005 mahema yalizama kwenye maji. Mama alikuwa ameziona picha hizo. Akaongeza koti la mvua, soksi za sufu jozi sita, mifuko ya plastiki ya kufungia nguo, na mkeka mdogo wa kuswalia.

Mwaka ule haikuwa mvua, lilikuwa jua. Binti aliyebebeshwa vitu vya mafuriko alitembea kwenye vumbi, mgongoni hema, mfuko wa kulalia na gambuti zilizoning'inia kwa kamba. Alichosahau ni kofia. Alichokikosea ni usiku. Kumbe Juni ya Somerset, hata jua likiwaka kutwa, alfajiri ina baridi ya kutetemesha meno. Usiku wa kwanza alivaa soksi tatu juu ya nyingine, akamshukuru mama yake moyoni.

Siku za mwisho wa Juni ni ndefu huko. Jua huzama kama saa tatu na nusu usiku na huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Anayelala kwenye hema huamshwa na joto mapema, hata kama amelala saa nane za usiku. Vizibo vya masikio na kitambaa cha kufunika macho vilimfaa kuliko gambuti.

Zamu yake ya kwanza ilikuwa getini, usiku. Mwenzake wa zamu alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu, aliyekuja na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai. Miongoni mwa wahudumu wa Oxfam wapo wastaafu wengi wanaorudi mwaka hadi mwaka. Bibi yule alimfundisha jinsi ya kusimama muda mrefu bila kuumia mgongo, na jinsi ya kumjibu mlevi: sauti ya chini, maneno machache, miguu hatua moja nyuma, redio mkononi.

Usiku wa manane mlevi huyo alikuja kweli. Alidai kuingia na bangili iliyokatika, akapaza sauti, akamnyooshea binti kidole usoni. Binti alifanya kama alivyofundishwa. Aliita msimamizi kwa redio, na kwa dakika zile chache za kusubiri akabaki amesimama. Baadaye, mtu yule alipokwisha kuondolewa, mikono ilimtetemeka hadi chai ikamwagika. Bibi hakusema lolote la kumsifu. Alimjazia kikombe tena.

Dakika saba

Ijumaa alasiri, tarehe 28 Juni, binti alikuwa kwenye zamu nyingine pembeni mwa njia. Mtoto wa miaka kama sita alisimama mbele yake, macho yamejaa machozi, hana mtu. Mafunzo yalisema usiondoke naye, usimpeleke popote peke yako. Mwite mwenzako, toa taarifa, msubiri hapohapo. Binti alipiga magoti, akamwonyesha bangili yake mwenyewe, akamwomba amwonyeshe ya kwake. Mama wa mtoto alikuwa ameandika juu yake namba ya simu. Haikupita robo saa, mama huyo akaja akikimbia, kiatu kimoja mkononi.

Zamu ilipokwisha, binti alikwenda uwanja wa jukwaa kubwa. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Msanii Marina Abramović, mzaliwa wa Belgrade, alipanda jukwaani akiwa amevaa gauni jeupe lililotengenezwa kwa umbo la alama ya amani. Hakuimba. Aliomba umati wote unyamaze kwa dakika saba, kila mmoja akiweka mkono begani kwa aliye karibu naye.

Makumi ya maelfu ya watu wakanyamaza. Kwa mbali majukwaa mengine yalisikika yakidunda, lakini pale mbele ilikuwa bendera zinapepea na mtoto mmoja anakohoa. Binti aliweka mkono begani kwa mtu asiyemjua. Dakika ya nne akaanza kulia, na hakujua analia nini.

Jioni ile alimpigia mama yake simu kutoka kwenye foleni ya kuchaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, leo tulinyamaza, uwanja mzima." Akaeleza. Kisha akasema, "Nilikuwa nafikiri nikinyamaza nyumbani utaona nimetulia. Kumbe hukuona kitu, uliona mlango umefungwa tu."

Mama hakuwa na jibu. Alimwambia asisahau kuvaa soksi.

Jumatatu, shamba linarudi kwa ng'ombe

Mama alikwenda kumchukua Jumatatu. Foleni ya magari yanayotoka ilikuwa ndefu, na kutoka barabarani aliweza kuona vilima vikiwa vimetapakaa mahema yaliyotelekezwa na taka za kila rangi. Katikati yake, mistari ya watu wenye vizibao vya rangi kali ilitembea pole pole, wameinama, kama wavunaji.

Hao nao ni watu wa kujitolea pamoja na vibarua, na kazi yao ni ya wiki kadhaa. Kinachotafutwa sana ni vitu vidogo, maana kigingi cha hema kilichobaki kwenye nyasi kinaweza kumdhuru ng'ombe atakayerudi kula hapo. Ndiyo maana waandaaji huwasihi watu kila mwaka: ulichokuja nacho, ondoka nacho.

Mama, ambaye katika harusi za Tanga alikuwa miongoni mwa wanaobaki kuosha masufuria wageni wakishaondoka, aliutambua mwendo ule. Kila shughuli ina watu wa aina mbili, waliokuja kula na waliobaki na sufuria, na wa pili ndio wanaojua shughuli ilikuwaje.

Kabla hujasema ndiyo au hapana

Kwa mzazi anayepelekewa ombi la namna hii, popote alipo, maswali ya mama huyo yanaweza kumsaidia.

Shirika gani linampeleka, na je, lina mafunzo, msimamizi na namba ya kupiga saa yoyote? Anayejitolea bila shirika nyuma yake ni mgeni tu asiye na tiketi.

Atalala wapi, na nani yuko jirani? Uwanja wa wahudumu si sawa na uwanja wa umati.

Zamu ni ngapi, za saa ngapi, na atarudi hemani na nani usiku? Wapeane zamu ya kusindikizana.

Mtapigiana simu lini? Betri huisha na mtandao hulemewa na watu wengi, kwa hiyo saa moja maalumu kila siku ni bora kuliko kupiga kila dakika. Mama huyu alikubaliana na binti yake iwe jioni, baada ya kula.

Kwa wenye watoto wadogo watakaokwenda kama watazamaji: andika namba yako kwenye bangili ya mtoto kabla ya kufika getini, na umwonyeshe sare ya wahudumu ili ajue amkimbilie nani.

Na mwisho, anakwenda kutafuta nini? Jibu linaweza lisipatikane siku ya kuomba ruhusa. Lakini swali liulizwe kwa upole, kisha mzazi asubiri.

Garini

Binti alilala kabla hawajatoka Pilton, kichwa kwenye kioo, nywele zinanuka moshi. Walipokaribia Bristol aliamka. Kwa sauti ya mtu ambaye bado ana usingizi, alianza kueleza habari za Januari: jinsi alivyokuwa halali usiku chuoni, jinsi alivyokuwa akisoma ukurasa mmoja mara kumi, jinsi alivyoogopa kusema kwa sababu mama alifanya zamu mbili ili alipe kodi ya chumba chake.

Mama hakumkatiza. Alipitiliza kona ya nyumbani kwao, akaendelea kuendesha, akazunguka mtaa mara mbili ili maneno yasikatwe na kuegesha gari.

Hajarudi chuo. Wamekubaliana kwanza aonane na daktari, na ameshakwenda. Hilo la kusoma litazungumzwa mwakani. Lile la kujitolea tena ameshaliamua, na safari hii mama hakuuliza ni kazi gani isiyo na mshahara. Aliuliza kama wanawachukua na watu wa umri wake.

Gambuti ziko mlangoni. Hazijaingia tope hata siku moja.